Makoti ya Mfunguo Sita

Nyie chekeni tu, mimi nimeshazoea. Hata leo nikipita sokoni Kivinje, jua limesimama utosini, hakosi mtu wa kuniuliza, "Bakari, huko ulikotoka baridi?" nami najibu "Ipo" halafu naongeza mwendo. Nimeona bora nisimulie mwenyewe, maana mkasa huu unasimuliwa na watu ambao hawakuwapo na kila mmoja anautia chumvi yake, juzi nimesikia eti niliyezimia ni mimi. Sikuzimia. Aliyezimia ni mama mkwe, na hapo ndipo penye aibu yenyewe.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa Likawage, kule ndani, kwetu ni mashamba ya ufuta na mihogo, nikaja kuoa Kivinje kwa Bi Somoe, watu wa pwani, watu wa baraza na maulidi. Siku ya posa shangazi yao mmoja aliuliza kwa sauti ya kusikika, "Huyu naye katokea wapi?" na swali lile limekaa nami kama mwiba wa samaki kooni mpaka juzi juzi. Bi Somoe mwenyewe hakuwahi kunisema vibaya. Kwa kweli hakuwahi kunisemesha kabisa, kwa sababu ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, mtu na mama mkwe wake hawaongei ana kwa ana. Mkikutana njiani unampisha, macho chini, na yeye akiwa na neno anampa mtu alipeleke. "Rukia, mwambie mumeo chumvi imekwisha," na mimi nimekaa pale pale, nimesikia kila kitu, lakini nangoja Rukia aniambie chumvi imekwisha ndipo nashtuka, "Eti eeh?" Tumeishi hivyo miaka yote, raha mustarehe.

Sasa mdogo wake Rukia, Zuhura, anaishi Kairo na mumewe anayesoma huko Misri. Wakajaliwa mtoto wa kike, wakampa jina la bibi yake, Somoe. Basi hapo nyumba ikawa haina amani. Bi Somoe akipika analia, akichambua mchele analia. "Rukia, mwambie mumeo nataka kumpakata somo yangu kabla sijafa." Mwaka ule ufuta ulilipa, alhamdulillahi, nikaona Mungu kanifungulia mlango: nikimfikisha mama huyu Misri nikamrudisha salama, hakuna tena atakayeuliza nimetokea wapi. Sharti lake lilikuwa moja tu. Bi Somoe ana presha, joto kali linamwangusha, kwa hiyo, "Mwambie mumeo atafute msimu wa ubaridi."

Atafute msimu! Jamani, mimi msimu ninaoujua ni wa ufuta na wa korosho. Nikaingia kwenye simu, ikaniambia miezi mizuri ya kwenda Misri ni wa tatu na wa nne, au wa kumi na wa kumi na moja. Nikakaa chini kufikiri. Wa tatu na wa nne ni masika, tutanyeshewa (ndiyo, nilifikiri tutanyeshewa Misri, endeleeni kucheka). Wa kumi na wa kumi na moja ni korosho, nani atakaa na wapimaji ghalani? Rafiki yangu mmoja wa Mtama akasema Misri haina misimu, ni jangwa, mwaka mzima ni mchanga tu. Mwingine akasema Afrika ni moja, kwetu kikiwa kipupwe na kwao kipupwe. Kila niliyemuuliza alinijibu kwa uhakika kabisa, na kila jibu lilipingana na la mwenzake, mpaka kichwa kikawa kizito.

Ndipo nikamkumbuka Babu Gulamu. Huyu ni mzee wetu wa duka la vitambaa, baba zake walitoka Bara Hindi, yeye kazaliwa hapa hapa Kivinje, na ndiye mtu pekee niliyemjua aliyewahi kukanyaga Misri kwa miguu yake. Nikaingia dukani.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Umekuja kulipa au kuongea?"

"Kuongea, Babu. Misri ulikwenda msimu gani?"

Mzee akaacha kukunja kitambaa, uso ukamkunjuka. "Mfunguo Sita! Maulidi tulisoma kule kule, mimi na mama watoto. Hewa, Bakari! Usiku blanketi, asubuhi mama watoto anadai sweta. Sijapata kuona hewa nzuri namna ile."

Nilitoka pale nimefufuka. Mfunguo Sita (ndio mwezi wa Maulidi, kwa nyie ambao siku hizi mnahesabu kwa Januari na Februari tu), na Mfunguo Sita mwaka huo ulikuwa unaangukia mwishoni mwa kipupwe. Kipupwe hapa, blanketi kule, mambo si ndiyo hayo? Sikumuuliza Babu Gulamu alikwenda mwaka gani. Swali moja tu, nyie, na mdomo ninao.

Rukia alijaribu. "Lakini baba Swaumu, simu si ilisema..."

"Simu imewahi kwenda Misri?" nikamuuliza. Akarudi jikoni, nami nikaona nimeshinda.

Zuhura naye akapiga. "Shemeji, mnakuja lini?"

"Mfunguo Sita, inshallah."

"Mfunguo Sita huu unaokuja? Mh! Shemeji, wakati huo huku..."

"Najua, shemeji," nikamkatiza. "Najua, tumejiandaa."

Sikujua. Wallahi nilikuwa sijui hata chembe, lakini Bi Somoe alikuwa amekaa upande wa pili wa pazia anasikiliza, na nilitaka asikie mkwe wake anajua. Zuhura akasema, "Haya, kama unajua." Mtu akishakwambia anajua, utamwambia nini tena?

Basi nikaenda mnadani kutafuta makoti. Muuza mitumba, aliposikia nataka makoti mazito kabisa, alinitazama usoni kuhakikisha sina homa, kisha akazama chini kabisa ya belo akaibuka na vitu ambavyo nadhani alishakata tamaa navyo. Langu lilikuwa la bluu, limejaa, nikilivaa mikono haishuki. La Bi Somoe lilikuwa refu, la kijani, kola ya manyoya, na vifungo vikubwa kama vikombe vya kahawa. Nikampelekea Rukia ampe mama yake. Nikasikia nyuma ya pazia, "Mwambie mumeo Mungu ambariki, hata marehemu baba yenu hakuninunulia koti." Usiku ule nililala nikitabasamu.

Siku ya kuondoka ilisomwa dua, ubani ukafukizwa, mtaa mzima ukaja, na wanawake wakamng'ang'ania Bi Somoe avae koti wamwone. Akalivaa. Vigelegele! Nikaambiwa na mimi nivae, nikavaa, tukasimamishwa mlangoni mimi huku, yeye kule, na katikati Rukia kama mpaka wa shamba, tukapigwa picha. Picha ile ilifika Lindi kabla sisi hatujafika Nangurukuru.

Tatizo la kwanza nililigundua ndani ya ndege, nalo halikuwa joto. Hapakuwa na Rukia, nauli ilitosha watu wawili tu. Tumekaa kiti kwa kiti, mkwe na mkwewe, bega kwa bega, jambo ambalo Likawage lingeitishiwa kikao. Mimi nimeegemea upande wa ujia mpaka wahudumu wananigonga kwa kigari cha chakula, yeye amekumbatia mkoba wake wa ukindu wenye visheti vya mjukuu. Ndege ikaanza kutikisika. Nikamwona anauinamia ule mkoba.

"Ewe mkoba, mwambie mkwe wangu hiki chombo kinatetemeka."

Ningefanyaje? Nami nikaugeukia mkoba. "Mkoba, mwambie mama asihofu, ni upepo tu."

Bwana mmoja aliyekaa dirishani akatutazama mimi, akamtazama mama, akautazama mkoba, halafu akavuta blanketi akajifunika mpaka kichwani. Ndani ya ndege kulikuwa na baridi hasa, kile kiyoyozi chao kinavuma kutoka juu, na mimi badala ya kujua kuwa ni kiyoyozi nikaona dalili njema. "Mkoba, mwambie mama ajifunge vifungo, tumekaribia."

Tukashuka. Ndani ya uwanja baridi tena. Nikatembea kifua mbele, nikasema Babu Gulamu Mungu amweke. Kisha milango ile ya vioo ikajifungua yenyewe tukatoka nje, na joto likatupiga usoni kama mtu kafunua sufuria la pilau.

Nilidhani tumesimama karibu na jiko. Kweli kabisa, nilizunguka kutafuta jiko. Ilikuwa adhuhuri, lami inang'aa, watu wote wamevaa mashati mepesi, wengine wanajipepea kwa magazeti, na mimi nikawa najiambia labda hawa ni wageni, wenyeji watakuja na makoti yao. Zuhura akapiga simu, wamekwama kwenye foleni, tuwasubiri hapo hapo nje. Nikamtazama Bi Somoe kwa pembe ya jicho. Jasho linamtiririka, manyoya ya kola yamemganda shingoni.

"Mkoba," akasema, na sauti ilishaanza kupungua, "mwambie mkwe wangu baridi ya huku ni ya ajabu."

"Mkoba, mwambie mama... mwambie labda haijaanza."

Sasa nyie niambieni, mngekuwa mimi mngefanya nini? Dawa ilikuwa neno moja, "vua." Lakini mimi, mtoto wa kiume wa Likawage, nimwambie mama mkwe wangu, mbele ya kadamnasi, "Mama, vua"? Neno lenyewe halipiti kooni! Na yeye hawezi kuvua mbele ya mkwewe, tena koti la zawadi. Nikasema niondoke kidogo apate nafasi, lakini nimwache vipi peke yake nchi ya watu? Nami mwenyewe naungua, kwa sababu chini ya koti nina sweta, chini ya sweta nina sweta nyingine, na chini kabisa Rukia alinifunga kanga kiunoni, eti baridi huingilia kiunoni.

Nikapata akili (nilidhani ni akili). Pembeni alisimama mama mmoja wa Kimisri na binti yake. Nikasema huyu ni mwanamke mwenzake, atanisaidia. Kiarabu changu ni cha kwenye sala tu, kwa hiyo nikatumia mikono. Nikamwonyesha Bi Somoe, kisha nikashika vifungo vyangu nikaanza kufungua, kimoja, kingine, huku natikisa kichwa kumwambia fanya hivi, fanya hivi. Yule mama akanitumbulia macho, akamvuta binti yake nyuma yake, akapaza sauti kumwita askari.

Askari anakuja mbio, na hapo hapo ule mkoba ukaanguka, visheti vikamwagika, na Bi Somoe akaufuata chini.

Niseme kweli. Wakati ule sikuona aibu, niliona msiba. Nilijiona nikirudi Kivinje na maiti ya mama wa watu, kwa sababu ya neno "najua". Wanawake walitokea sijui wapi, wakamzunguka, wakaanza kumfungua lile koti na baibui, na mimi, mwili wenyewe bila kuuliza, nikageuka nikatazama ukuta, maana mkwe anavuliwa. Askari haelewi. Anaona mtu kavaa koti la barafuni kwenye jua la adhuhuri, mama yake kaanguka, naye kampa mgongo. Akanishika bega akanigeuza. Nikageuka tena ukutani. Akanigeuza. Nikageuka. Wenzake wakaja, wakaanza kunionyesha koti langu kwa ukali, nifungue, nina nini humo ndani?

Nikafungua koti. Wakaona sweta. Nivue. Wakaona sweta ya pili, wakatazamana. Nivue. Wakaona kanga, nyekundu, imenizunguka tumbo, na maandishi yake makubwa yako mbele kabisa: NANI KAMA MAMA. Ile kanga, nyie, ndiyo Bi Somoe aliyompa mwanawe siku ya harusi yetu. Askari mmoja akaishika ncha akaivuta taratibu, ikafunguka mzunguko kwa mzunguko na mimi nikizunguka nayo, na watu wameshajaa, simu juu, wanapiga picha.

Katika kuzunguka huko nikasikia sauti ninayoijua. "Mkoba wangu uko wapi?"

Sijawahi kusikia maneno matamu kama yale. Zuhura alikuwa ameshafika, amepiga magoti, amempakata mama yake, mumewe anammwagia maji kichwani huku akiwaeleza askari kwa Kiarabu, na kila akieleza askari wanazidi kucheka. Mimi nikarudi ukutani kwangu. Bi Somoe akanywa maji, akapumua, akasema, "Zuhura, mwambie shemeji yako aache kuutazama huo ukuta, ukuta hauna kosa." Halafu akaletewa mtoto. Akampakata somo yake hapo hapo chini, kwenye sakafu, nywele zimelowa, analia na kucheka, na mimi nikalia pia lakini kwa upande wangu.

Jioni, nilipomweleza kwamba nimemfuata Babu Gulamu, Zuhura akaniuliza kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko matusi. "Shemeji, Babu Gulamu alikuja huku lini? Mimi nilikuwa sijaanza hata shule. Mfunguo Sita si unahama? Wakati wake uliangukia miezi ya ubaridi, sasa umeshatembea mpaka kwenye joto lenyewe."

Kwani sijui kwamba miezi yetu inahama? Mimi niliyefunga Ramadhani ya msimu wa korosho nikiwa kijana, nikafunga Ramadhani ya masika nikiwa mtu mzima, mwezi nimeuona ukitembea miaka yote hiyo kwa macho yangu, nikadhani baridi ya Babu Gulamu inatembea nao. Msiniulize nilifikirije, mimi mwenyewe sielewi.

Tukakaa, tukarudi salama. Nyumbani ikasomwa dua ya shukrani, wanaume barazani, wanawake uani, pazia katikati. Nikawa nimekaa kama mtu anayesubiri hukumu, kwa sababu nilijua tu swali litakuja, na lilikuja, kutoka kwa shangazi yule yule wa siku ya posa.

"Haya Bi Somoe, Misri vipi? Baridi?"

Kisha sauti ya Bi Somoe, ya juu, ya kusikika mpaka barabarani. "Baridi! Mwenzangu, ile si baridi ya mchezo. Lile koti la mkwe wangu ndilo lililoniokoa."

Sikuamini masikio yangu. Ananisitiri! Mbele ya mtaa mzima, mama huyu niliyekaribia kumuua ananisitiri. Nikashusha pumzi, nikavuta sinia la pilau, nikaanza kula kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Sikula hata tonge la tatu. Babu Gulamu, aliyekaa pembeni yangu, akanipiga paja kwa furaha.

"Umesikia? Mimi nilikwenda Mfunguo Sita, baridi, nyie mmekwenda Mfunguo Sita, baridi! Basi Misri ni baridi mwaka mzima. Mwakani, Mungu akipenda, nampeleka tena mama watoto, siku hizi moyo unamsumbua, joto la hapa linamtesa. Bakari, yale makoti utatuazima?"

Watu wakasema inshallah. Mimi nikasukuma sinia. Nikinyamaza, mimi nasalimika, na mke wa Babu Gulamu anakwenda kuanguka pale pale alipoanguka mkwe wangu. Nikisema, namuumbua mama aliyetoka kunisitiri sasa hivi. Nikatazama pazia. 

"Babu," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, "usichukue koti. Kule ni moto. Mama alizimia, mimi nikavuliwa kanga na askari, na kosa ni langu, sikuuliza." Na kwa kuwa nilishaanza nikamaliza yote, jiko nililolitafuta, mkoba, ukuta, mpaka NANI KAMA MAMA.

Baraza lilivunjika kwa kicheko. Babu Gulamu alilia machozi, mtu mmoja alimwaga chai, na upande wa pili nikamsikia shangazi akicheka mpaka anakohoa. Lakini mimi nilikuwa nasikiliza sauti moja tu, na hiyo haikucheka. Nikajua basi, nimeharibu. Nikajiandaa kumsubiri Rukia alete maneno.

Pazia likafunguka. Hakuwa Rukia. Alikuwa Bi Somoe mwenyewe, na mkono mmoja kashika pazia, na hakuwa na mkoba wala mtu wa kumtuma. Nikatazama chini.

"Bakari," akasema.

Miaka yote niliyokaa kwenye nyumba ile, sikuwahi kulisikia jina langu likitoka kinywani mwake.

"Mwakani somo yangu atakuwa anatembea. Utanipeleka tena. Ila safari hii msimu utamuuliza nani?"

Neno likanijia ulimini, lile lile, lilishafika kwenye meno: najua. Nikalimeza.

"Zuhura," nikasema. "Nitamuuliza Zuhura, mama."